Umepima au umehesabu?

Nilikuwa nimeshika simu mkono wa kushoto, nazunguka nayo taratibu kuanzia mbele ya fremu mpaka kule nyuma difu litakapokaa, na upande wa pili wa video kol kaka yangu yuko kibandani kwake Tandika, Dar, mageti mawili yameegeshwa ukutani nyuma yake yanasubiri rangi. Kaka anachomelea mageti na grili tangu mimi niko shule ya msingi. Hajawahi kuona chesisi ya gari inajengwa gereji ya kupanga huku Coventry, Uingereza, kwa hiyo aliangalia kimya muda mrefu kidogo.

"Mbona paipu za inchi moja tupu?"

"Ndo zilivyo kaka, gari nyingi za aina ya Lotus Seven, zile ndogo za wazi, ziko hivi."

"Ina kilo ngapi?"

"Sitini na tatu nukta tatu."

"Umepima au umehesabu?"

Nikamwambia nimehesabu. Akasema haya dogo, akahamia kuniuliza habari za watoto.

Mi nikabaki nalo hilo swali. Nalala nalo naamka nalo, maana hesabu yangu ilikuwa safi, kila paipu ina mstari wake kwenye Excel, urefu, ukuta, uzito, na bado nikijiuliza kwa nini nimesema "nukta tatu" kwa sauti ya kujiamini vile sipati jibu.

## Hesabu yenyewe ni rahisi mno

Kwa wale ambao hawajawahi kuifanya, haina uchawi. Chuma ni kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo. Unachukua eneo la chuma ukiikata paipu na kuiangalia usoni, unazidisha kwa urefu, unazidisha na hiyo 7,850, basi. Skwea paipu ya milimita 25 kwa 25 yenye ukuta wa 1.5, ukichukua skwea kubwa ukatoa skwea ya ndani unapata milimita za mraba 141, yaani kilo 1.107 kwa mita.

Ila paipu ya kweli haina kona kali. Kona zake zimekunjwa, za nje na za ndani, na ukizitoa hizo kona eneo linashuka mpaka kama 135, uzito unakuwa 1.06 kwa mita, na ndo namba utakayoikuta kwenye majedwali ya wauza chuma. Unaweza kusema aah, tofauti ya gramu 47. Sawa, ila mimi nina mita 44 za hiyo paipu, na hapo kona peke yake zimeshakula kilo mbili.

Kwa hiyo 46.6 kwa paipu za 25. Halafu kuna mita 7 za paipu ndogo za 19, hizo ni kilo 0.78 kwa mita, tano na nusu hivi. Jumla 52 na kidogo.

Hapa ndo watu wengi wanaacha kuhesabu na kwenda kutangaza.

## Vidude vidogo

Braketi jamani. Kila mkono wa sasipensheni unashika sehemu mbili, kila sehemu ina masikio mawili ya pleti ya milimita 3, bado za shokapu, bado za injini, za giaboksi, za pedali, za mkanda. Ukiishika moja mkononi huisikii kabisa. Mi nilikusanya vipimo vyote nikavigeuza eneo nikaona ukizitandaza zote ni kama kipande cha pleti cha sentimita 30 kwa mita moja. Pleti ya 3 ni kilo 23.55 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kilo saba zimeingia kimyakimya, nyingi kuliko paipu zote za 19.

Pale difu linapokaa nimeweka pleti ya 5, kilo tatu nyingine, na hiyo siipunguzi maana difu la Mazda MX-5 likianza kucheza huna gari, una kelele.

Mchomeleo nao una uzito, na huu kuuhesabu kwa kalamu ni kazi bure. Nilichofanya ni kupima roli ya waya wa MIG kabla sijaanza na baada ya kumaliza. Ukitoa vipande nilivyokata kwenye ncha ya waya, cheche zilizoruka na nilichokilamba na grenda, imebaki kama kilo moja.

Rangi je? Rangi inasingiziwa sana. Kila mtu akiona fremu imekuja nzito anasema ni rangi. Paipu ya 25 ina sentimita 10 za kuzunguka, mita 44 ni mita za mraba 4.4, rangi ya unga inakaa unene wa kama sehemu 80 za elfu ya milimita, ukipiga hesabu unapata nusu kilo. Nusu! Rangi haina kosa, muulizeni aliyeweka pleti ya 5 kila mahali.

Nikijumlisha vyote bila rangi, ndo hiyo 63.3 niliyomtupia kaka.

## Ndoo ya mabaki

Nilipompigia tena, nikamwambia kaka nimepitia upya kila mstari, hesabu iko sawa. Akaniuliza kitu kingine kabisa.

"Ulinunua paipu ngapi?"

"Nane za mita sita, za inchi moja."

"Mabaki yako wapi?"

Mabaki yako kwenye ndoo nyeusi chini ya meza, nikamwonyesha. Akasema pima ndoo, toa ndoo yenyewe, halafu toa kwenye ulichonunua, kilichobaki ndo kiko kwenye fremu, hakuna pa kwenda. Kwake hii si nadharia, kule vipande vinavyobaki vinaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na vinalipwa kwa kilo, kwa hiyo fundi anayejua kazi anajua wiki hii geti limekula kiasi gani na ndoo imekula kiasi gani, asipojua analiwa yeye.

Paipu nane za mita sita ni mita 48, kwa namba ya jedwali ni kilo 50.9. Mabaki yangu kilo 3.6. Inabaki 47.3, ukitoa vumbi la grenda lililojaa kwenye nyufa za sakafu unakaribia sana 46.6 ya Excel. Nikafurahi, nikaona nimeshinda.

Kaka hakufurahi.

"Na hizo nane, moja moja uliipima?"

Hapo nikaishiwa maneno. Maana alichokuwa anasema ni kwamba hesabu zote mbili, yangu na yake, zimekalia jiwe moja: kwamba ukuta ni 1.5 kweli. Kule Dar kila fundi ana hadithi ya geji 16 ya duka hili ambayo si geji 16 ya duka lile, unalipia ukuta mnene unapewa karatasi. Huku nilidhani mambo ni tofauti kwa sababu kuna viwango. Nikaenda kusoma hivyo viwango. EN 10219, ambacho ni kimojawapo cha Ulaya kwa paipu za namna hii, kwa kuta nyembamba kama hizi kinaruhusu unene upungue au uzidi asilimia 10, na uzito wa paipu moja moja uhame asilimia 6 huku au kule.

Asilimia 6 ya 46.6 ni kilo 2.8.

Yaani muuzaji mwaminifu kabisa, mwenye karatasi zote, anaweza kunipa fremu ya 60 au ya 66 kwa mchoro uleule na mimi niko hapa nasema nukta tatu.

Bado nilikuwa na paipu moja nzima ya 25, nje ya zile nane, kwa ajili ya mambo ya baadaye, nikaipima kwa mizani ya kuning'iniza mabegi ya safari. Kwa jedwali inatakiwa 6.36. Ikasoma 6.3 na kidogo. Si mbaya, ila hiyo ni moja, zile nane zimeshakatwa na siwezi kuzirudisha.

## Mzee wa 48

Sasa niseme kilichokuwa kinaniuma zaidi, maana kaka alichokoza tu kidonda kilichokuwepo.

Safu yetu ya magereji kuna mzee mmoja wa Kiingereza, mstaafu wa kiwandani, na yeye alijenga gari la aina hii miaka ya nyuma. Mzee mwema, ameniazima vibano mpaka naona aibu. Siku nilipomwambia yangu itakuja kama 63 akaguna kwa upole akasema yake ilikuwa 48.

Kilo 15! Kwenye fremu ya paipu hizo si kitu kidogo. Nikaanza kuangalia kila paipu ya kwangu kama mwizi. Hii ya nini? Na hii je? Nikafikia hatua ya kuchora duara kwa chaki kwenye zile za kuondoa.

Ikabidi nimuulize vizuri, kwa adabu, mzee hiyo 48 ilikuwa na nini. Akafikiri. Akasema alitumia geji 18 sehemu kubwa, hiyo ni ukuta wa 1.2. Akasema pia aliipima kabla ya kuweka braketi za nyuma, na bila sakafu, na bila ile bomba la kukinga kichwa, kwa sababu hivyo alivifunga kwa bolti na kwake kinachofungwa kwa bolti si chesisi.

Nikarudi kwenye Excel, nikabadilisha ukuta kuwa 1.2. Mita zangu 44 zikashuka mpaka kilo 38, paipu ndogo nne na nusu, ongeza braketi za mbele na mchomeleo, unapiga 48 bila kutafuta. Mzee hakunidanganya hata gramu moja. Fremu zetu kimsingi ni moja, nikiweka sakafu na bomba la kichwa yangu itaenda 80 na kitu, na mtu akiniuliza naweza kumjibu 52, 63 au 80 na zote ni za kweli kutegemea nimeamua kuishia wapi.

Toka hapo nikiona mtu anataja uzito wa chesisi yake mi nauliza tu: na nini ndani?

## Hata wakubwa

Na hili si la sisi wa gereji peke yetu. Mercedes walipojenga 300 SL ya mashindano mwaka 1952, fremu yake ya vibomba inatajwa kuwa na kilo 50. Ilipokuja kuwa gari la kuuzwa mwaka 1954, fremu inatajwa 82. Wazo ni lilelile la Uhlenhaut, mhandisi wao, vibomba vyembamba vilivyopangwa pembetatu pembetatu mpaka ubavuni vikapanda juu na milango ikalazimika kufunguka kuelekea angani, ila gari la barabarani lina mizigo ambayo gari la mbio halina. Ukimlinganisha mtu wa 50 na mtu wa 82 bila kuuliza unamwonea mmoja.

Au Lotus Elise ya 1996, ile chesisi ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi ya epoksi. Inatajwa kilo 68. Watu wanashangaa, aluminiamu kilo 68 wakati yangu ya chuma ni 63? Ila ile ni beseni zima, sakafu imo, kingo za ubavuni zimo, ukitaka kuilinganisha na yangu lazima na mimi niweke vya kwangu kwanza. Na kwa kukakamaa, yaani ipi inakataa kusokotwa zaidi, sitii mguu hapo kabisa.

## Nyepesi ya kufanya nini

Zile duara za chaki bado zilikuwepo kwenye fremu. Ndo zilinitesa wiki nzima iliyofuata.

Kwa sababu kupunguza ni rahisi sana aisee. Naweza kuikata kilo tano leo jioni. Swali ni fremu itakuwa inafanya nini siku gurudumu la mbele kushoto likipanda tuta na la kulia liko chini, maana hapo chesisi inataka kujisokota, na ikijisokota springi na shokapu zote nilizonunua kwa jasho zinakuwa mapambo, fremu yenyewe imegeuka springi.

Nikamweleza kaka. Alinielewa haraka kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Akanigeuzia simu akanionyesha geti moja kati ya yale mawili, "hili mteja alikataa mshazari, anasema linaharibu uzuri, ndani ya miezi litakuwa linaburuza chini. Ningeweza kumwekea paipu nene mara mbili, bado lingeburuza tu, lingechelewa kidogo. Mshazari mmoja ungemaliza."

Ndo hivyohivyo. Nikitoka ukuta wa 1.5 kwenda 2, paipu ya 25 inakuwa kilo 1.36 kwa mita, mita 44 zinaniongezea kilo 13. Nikiweka mishazari miwili juu ya chumba cha injini, kila mmoja sentimita 90 hivi, naongeza kilo mbili, na hizo mbili zinafanya kazi ambayo zile 13 hazitaiweza, kwa sababu kwenye pembetatu paipu inavutwa au inasukumwa, haikunjwi, na paipu nyembamba ikivutwa ina nguvu za ajabu. Kasoro yake ni moja, injini ikitaka kutoka mshazari uko njiani, kwa hiyo inabidi ufungwe kwa bolti, na bolti zinataka braketi, na braketi tumeshazisema.

Nikafuta chaki. Kwenye hesabu fremu ikawa nzito zaidi kuliko nilipoanza kulalamika. Nilijisikia vizuri, kusema ukweli.

Kuna mtu atauliza kwa nini niumie na kilo mbili kwenye fremu wakati injini na giaboksi ya MX-5 pamoja vinazidi fremu zaidi ya mara mbili. Swali zuri. Mi mwenyewe nina kilo 88, nimeizidi chesisi yangu, na kila wikiendi nakula chapati. Na wakaguzi wa IVA huku, ambao bila wao gari la kujijengea halipati namba, hawaulizi chesisi ina kilo ngapi, wanataka uzito wa gari na mzigo wa kila ekseli. Caterham, wanaotengeneza gari za aina hiihii, walitoa ile 170 yenye kilo 440 gari zima, na hawakufika huko kwa kunyoa fremu peke yake, waliweka kainjini ka Suzuki ka cc 660 na tairi nyembamba.

## Mizani mbili

Basi nikapima. Mizani mbili za bafuni, moja ya kwetu na moja ya jirani, moja chini ya pua, moja nyuma, katikati yao mita 2.2. Kabla ya hapo nilizijaribu kila moja kwa dumu la maji, lita 20 ni kilo 20 ukishatoa dumu lenyewe, na ya jirani ilikuwa inadanganya karibu kilo nzima. Halafu hizi mizani za dijito zina tabia ya kulala ukiweka mzigo taratibu, kwa hiyo unaweka kitu kizito kinachojulikana kwanza ndo unaongeza fremu juu yake, unatoa tofauti.

Mbele 28. Nyuma 36.

Jumla 64, bila ile mishazari ambayo ilikuwa haijafungwa bado. Kwa mizani za bafuni siwezi kusema zaidi ya toa moja ongeza moja. Excel ilikuwa sawa, mabaki yalikuwa sawa, na kaka naye alikuwa sawa, tabu kweli.

Kilichonishangaza si jumla. Ni ule mgawanyo. Nilidhani fremu tupu itakuwa nzito mbele, maana macho yako yanaona paipu nyingi mbele, kumbe pleti ya difu na upau wa mikanda ya viti vimevuta kila kitu nyuma, uzito wake uko mita 1.24 kutoka mizani ya mbele. Excel yangu haikuwa na hiyo safu kabisa. Ilijua kila paipu ina kilo ngapi, haikujua iko wapi. Nimeiongeza sasa, umbali kutoka mbele na urefu kutoka chini, kwa kila kipande, na ni kazi ya kuchosha kweli ila kila ninachokifikiria kufunga sasa hivi kinaulizwa maswali matatu badala ya moja.

Cha kwanza kuulizwa ni sakafu. Nina kama mita ya mraba 1.1 ya kufunika. Shiti ya chuma ya 1.2 inakuja kilo kumi na nusu hivi. Aluminiamu ya 1.5 inakuja nne na nusu. Kwa ile akili yangu ya zamani ningeshaagiza aluminiamu hata kabla ya chai. Ila chuma nitakichomelea moja kwa moja kwenye paipu na sakafu nzima itakataa kusokotwa pamoja na fremu, aluminiamu itataka riveti na gundi, na huku wanamwaga chumvi barabarani kila baridi ikija, aluminiamu ikigusana na chuma kwenye maji ya chumvi inaliwa mpaka unaona unga mweupe. Na hizo kilo sita za ziada ziko chini kabisa, chini ya makalio yangu, mahali ambapo kama lazima uzito uwepo basi afadhali uwe hapo.

Mzee wa 48 anasema aluminiamu. Kaka anasema chuma, bila hata kusikiliza swali mpaka mwisho.

Nimeagiza chuma, wataleta wiki ijayo. Shiti nzima, haijakatwa, na itapita kwenye mizani kabla ya grenda.